Armas Lehtola na Mapaa Kumi na Tisa Yaliyobaki

Ndugu, jamaa na majirani wa Osmo, mliovuka theluji kuja kukaa nasi katika ukumbi huu Jumamosi hii ya tarehe 11 Februari 2023, haya ndiyo maisha ya baba, babu na fundi wetu, kama familia ilivyoweza kuyakusanya kutoka katika vyeti, barua na daftari lake la kazi, na tarehe zote zimehakikiwa mara mbili.

Marehemu Armas Nestor Lehtola alizaliwa tarehe 3 Machi 1948 hapa Osmo, katika nyumba ya kampuni ya mgodi iliyokuwa ya tatu kutoka kwenye shimo, akiwa mtoto wa tano na wa mwisho wa Mzee Nestor Lehtola, mchimbaji wa shaba, na Bi. Hilja. Kaka na dada zake wote walimtangulia.

Alianza shule ya msingi hapa kijijini mwaka 1954, akamaliza sekondari Calumet mwezi Juni 1966, akiwa wa pili katika hesabu na wa mwisho katika uimbaji, jambo alilolitaja kila mara alipoombwa kuimba humu ndani. Mwaka 1968 aliitwa jeshini, akatumwa Ujerumani kutengeneza malori, akarudi mwaka 1970 akakuta mgodi umefungwa, shimo limezibwa kwa zege, na baba yake amekaa dirishani akilitazama.

Tarehe 19 Juni 1971 alifunga ndoa na Bi. Bernice Beaudry wa Lake Linden, nao wakajaliwa watoto wawili, Sandra, aliyezaliwa mwaka 1973, na Dale, aliyezaliwa mwaka 1976 na sasa anaishi Arizona, ambaye ndege yake imezuiwa Chicago kwa sababu ya hali ya hewa na hayupo nasi. Bi. Bernice alifariki tarehe 2 Septemba 2009. Marehemu ameacha pia mjukuu mmoja, Annika, binti wa Sandra.

Kazi ya mapaa aliianza mwaka 1974 kama kibarua, na kuanzia mwaka 1982 alijitegemea, wakati ambapo watu wa huku walikuwa wakiacha mapaa ya vigae vya lami na kuezeka bati, kwa sababu bati humwaga theluji lenyewe na kumwondolea mwenye nyumba adha ya kupanda na koleo kila wiki. Lakini bati halichagui wakati wa kumwaga, hukaa kimya majuma sita huku mzigo ukiongezeka, kisha siku moja jua likichungulia huachia wote kwa pamoja, na yeyote aliye chini ya upenu hana hata nafasi ya kugeuka. Ndiyo maana watu walianza kumwomba marehemu awawekee vizuia-theluji, vile vidude vinavyopangwa juu ya bati ili theluji ishikwe na iyeyuke polepole, na kati ya mwaka 1989 na 1995 aliweka kwenye mapaa sitini na manne, yote kwa vizuizi vya plastiki vya kugandishwa kwa gundi, kwa kuwa havitobui bati na kila mtu alivitaka.

Gundi hiyo ilikuwa na masharti mawili yaliyoandikwa kwenye kopo, kwamba joto lisishuke chini ya nyuzi kumi za Selsiasi, na kwamba iachwe siku ishirini na nane kabla ya theluji kuanguka. Wote tunajua Osmo ilivyo. Kiangazi watu huenda ziwani kuvua, Septemba hukata kuni, Oktoba ndipo hukumbuka paa, na tarehe 15 Novemba msimu wa kuwinda kulungu unafunguliwa na hakuna mwanamume anayepatikana tena nyumbani. Kwa hiyo kazi nyingi za marehemu zilifanyika kati ya theluji ya kwanza na msimu wa kulungu, naye alipasha bati kwa kikausha nywele cha Bi. Bernice, kipande kwa kipande, akabandika, akashuka.

Jumamosi ya tarehe 11 Novemba 1995 alifanya hivyo kwa jirani na rafiki yake, Bwana Clyde Pietila. Ilikuwa nyuzi tatu chini ya sifuri. Marehemu alitaka kupanga safu tatu urefu wote wa upenu, Bwana Clyde akiwa tayari amepakia bunduki garini akamwambia, "Weka hapo juu ya mlango wa jikoni tu, bwana, kwingine nani anapita?" Akaweka kumi na vinne, juu ya mlango wa jikoni tu.

Alhamisi ya tarehe 15 Februari 1996, saa nne na dakika ishirini asubuhi, na si saa tano kama gazeti lilivyoandika, Bi. Lorraine Pietila, mke wa Bwana Clyde, mwenye umri wa miaka hamsini na sita, alitoka kwa mlango wa jikoni na ndoo ya majivu, na theluji ya upande wote wa kaskazini ikaachia. Walimfikia baada ya dakika thelathini na tano. Marehemu alikuwa miongoni mwa waliochimba, naye ndiye aliyeviokota vile vizuizi kutoka kwenye theluji, vyote kumi na vinne, gundi ya mgongoni ikiwa bado inabonyea kwa ukucha.

Polisi waliandika kwamba ni ajali, na hakuna aliyesema vinginevyo. Jumamosi ya tarehe 24, baada ya ibada ya kumuaga Bi. Lorraine, Bwana Clyde alivuka ua akaja kwenye sauna ya marehemu, kile chumba cha kuogea mvuke, kama alivyokuja kila Jumamosi kwa miaka kumi na tisa, akavua nguo, akapanda ubaoni. Marehemu alimsimulia Bi. Bernice, na Bi. Bernice akamsimulia Sandra, kwamba Bwana Clyde ndiye aliyeanza.

"Mimi ndiye niliyesema mlangoni tu," alisema. "Yameisha. Mwagia mawe maji."

Marehemu alijibu, "Wewe ulisema. Mimi nilijua," akamwaga maji, na kwa miaka ishirini na sita iliyofuata hawakuligusa tena jambo hilo, wala hawakukosa Jumamosi hata moja hadi marehemu alipohamia Hancock.

Mwezi Machi mwaka huo marehemu aliandika katika daftari orodha ya mapaa yote sitini na manne, kwa namba, na jina la mwenye nyumba, na tarehe ya gundi, akaahidi mbele ya mkewe kwamba atarudi kwenye kila moja, atang'oa alichobandika, na kuweka kinachoshika, kabla paa jingine halijaua. Hilo ndilo lililokuwa lengo la maisha yake tangu siku hiyo, na familia inaona ni haki lisemwe wazi, kwa kuwa wengi hapa walidhani ni ukaidi.

Paa la kwanza lilikuwa la Bwana Clyde, Juni 1996, Bwana Clyde akishika ngazi. Aliyeajiri mikono ya marehemu baada ya hapo alifundishwa kwanza, atake asitake, kwamba kama bati lina mishono iliyosimama, yaani kingo zilizokunjwa pamoja kwenda juu, achague vibano vya chuma vinavyouma mshono wenyewe kwa skrubu bila kutoboa, na kila skrubu ikazwe kwa spana ya kupimia, si kwa kukisia, na kama ni bati la migongo lililopigiliwa, achague vizuizi vyenye mpira chini, vinavyofungwa hadi kwenye ubao wa ndani, kwamba safu ya kwanza ikae juu ya ukuta na si kwenye ncha ya upenu inayoning'inia, kwamba paa refu linadai safu zaidi kuelekea juu, na kwamba zisiwekwe kamwe juu ya mlango peke yake. "Theluji ni kundi la ng'ombe," alikuwa akisema. "Ukimzuia mmoja getini, wa nyuma watampanda mgongoni, na geti litaondoka nao."

Alifanya mapaa matatu kwa mwaka, miaka mingine mawili, kwa sababu alifanya kiangazi tu, na kwa sababu wenye nyumba wengi hawakutaka. Dukani walitaniana kwamba Armas anakuja, ficheni bati. Mmoja wao, ambaye hatutamtaja kwa kuwa yupo hapa na ameleta maua, alimuuliza, "Havijaanguka miaka ishirini, sasa vianguke kwa sababu wewe una huzuni?" Marehemu alirudi mwaka uliofuata na kuomba tena. Kufikia mwaka 2013 alikuwa amekamilisha mapaa thelathini na manane, mengine saba yalikuwa yamebomolewa au kuungua, na yalibaki kumi na tisa.

Namba 47 katika orodha ni ukumbi huu. Aliuwekea gundi tarehe 30 na 31 Oktoba 1993, kwa kujitolea, na kwa miaka kumi na saba, kila mkutano mkuu wa Januari, aliomba ruhusa ya kurudi, na kumbukumbu za mikutano zinaonyesha kwamba alijibiwa mwaka ujao, kwa kuwa mwaka huu ni jiko, au ni bomba, au ni kinanda. Agosti 2013 alipanda bila ruhusa, akafunga vibano sita upande wa kaskazini kabla ya kuombwa ashuke, kwa kuwa bima haikumruhusu. Vibano hivyo sita vipo hadi leo. Haviwezi kushika kitu. Annika, aliyesomea uhandisi, amepiga hesabu, na paa hili linahitaji mia moja na arobaini na vinne.

Familia haisomi haya kumlaumu mtu, inayasoma kwa sababu ni kweli na yana tarehe.

Mwezi Machi 2014 marehemu alithibitika kuwa na ugonjwa wa Parkinson, uliokuwa umeanza mikononi, na tangu hapo hakuweza kukaza skrubu. Alitafuta fundi wa kumrithi, akatangaza ubaoni dukani kwa majira manne, vijana wawili wakaja, wote wawili wakahamia Minneapolis. Mwaka 2019 aliingia katika nyumba ya wazee Hancock, na kila siku ambayo joto lilipanda baada ya theluji nyingi aliomba simu, akazipigia nyumba zilizobaki, moja baada ya nyingine, kuwaambia wasitokee upande wa upenu. Wengine waliacha kupokea. Mwaka 2021 sauti yake ilikwisha, na simu hizo zikakoma.

Alipoulizwa Januari ya mwaka jana angependa ibada yake ifanyikie wapi, aliandika kwenye kibao chake cha kuandikia, "Popote, isiwe 47." Familia ilijaribu. Kanisa la juu halipashwi moto wakati wa baridi, Lake Linden wana harusi, na barabara ya Hancock ilifungwa hadi jana. Tumemleta hapa tukijua.

Jumamosi ya tarehe 28 Januari, Bwana Clyde, mwenye umri wa miaka themanini na mitano, alipelekwa Hancock kumwona, marehemu akiwa na nimonia na hafumbui macho tena. Sandra alikuwepo. Bwana Clyde alimwinamia akamwambia, "Lala, mwenzangu. Mlango wa kaskazini wa ukumbi nimeupigilia misumari asubuhi hii, mimi mwenyewe. Hapiti mtu." Marehemu aliufinya mkono wake. Jumatatu misumari iling'olewa, kwa kuwa sheria ya moto hairuhusu mlango wa kutokea kupigiliwa, na sheria hiyo ni sahihi. Jumanne tarehe 31 Januari 2023, saa nane na dakika kumi mchana, marehemu alifariki akiwa na umri wa miaka sabini na nne, miezi kumi na siku ishirini na nane, akiamini kwamba mlango umefungwa, na hakuna aliyemwambia.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa Hancock, hasa muuguzi wa zamu ya mchana aliyejifunza kusoma mwandiko wake, majirani waliosafisha njia kwa makoleo tangu saa kumi na mbili asubuhi, akina mama walioandaa kahawa na mkate wa iliki, mafundi wenzake wachache walio hai, na wote waliopokea simu zake, hata waliozipokea kwa hasira. Kama ilivyo kawaida ya huku, ardhi imeganda, jeneza litahifadhiwa makaburini hadi maziko ya mwezi Mei, na tarehe itatangazwa. Daftari lipo nyumbani kwa Sandra. Hadi tunapoandika haya, hakuna aliyelichukua.

La mwisho. Nje ni nyuzi mbili juu ya sifuri, jua limetoka, na mnaweza kusikia matone. Jeneza litatoka kwa mlango wa mashariki, upande wa ukuta unaoishia kileleni mwa paa, ambako paa halimwagi kitu, ingawa mlango huo ni mwembamba na una ngazi saba, na tunawaomba nyote, pamoja na wenye magongo na watoto, mtoke huko huko na mzunguke mbali na ukuta. Mlango wa kaskazini hauna kufuli. Bwana Clyde ameweka kiti chake mbele ya mlango huo tangu asubuhi, ameketi, na amesema atatoka wa mwisho. Tafadhali msimwombe apishe. Kesho kuna ibada ya Jumapili humu humu, na kiti hicho hatujui nani atakikalia.

Armas, baba, babu, umefanya thelathini na manane, mengine yametushinda. Pumzika kwa amani, uliko hakuna theluji inayokusubiri.