Mkono Huu Umerudi Kwenye Majani Chai

Bwana asifiwe, watu wa Mungu! Na nyinyi wa viti vya nyuma, mliokuja na baridi yenu ya asubuhi, Bwana asifiwe tena! Chamgei, hamjambo! Mimi ndiye Mama Chebet, yule mchunaji wa majani chai kutoka huku juu ya Silibwet, na leo hata mchungaji akiniashiria niketi, sitaketi mpaka nimalize.

Ndugu zangu, tazameni mkono ulioshika hii maikrofoni. Ni wa kulia. Msiusahau, nitaurudia.

Nilikuwa mwanamke wa kikapu, wanaonijua wanajua. Umande ukiwa bado kwenye majani nimeshaingia shambani, mikono miwili inakimbia juu ya chai, nachuna, natupa nyuma ya bega, yanaingia kikapuni bila mimi kuangalia. Basi siku moja nikioga nikashika kitu kwenye titi la kulia. Ndiyo, nimesema titi kanisani! Msiangalie chini. Tungelisema mapema, dada zetu wengine wangekuwa wameketi hapa leo.

Kilikuwa kigumu, tena hakikuuma hata kidogo. Na mimi nikajua mara moja ni nini: ni mkanda wa kikapu! Mkanda hupita begani ukashuka kwapani, na sisi wachunaji wote tuna alama zake. Nikakunja leso, nikaiweka chini ya mkanda, nikaendelea na kazi. Nilipomwambia mama yangu alikubali kabisa, maana hata yeye kikapu kilimla mabega miaka mingi. Nyumba nzima tukakubaliana mkosaji ni kikapu.

Halafu tukapogoa chai. Mnajua chai ikipogolewa hakuna kuchuna mpaka ichipuke. Kikapu kikaning'inia ukutani, kikapumzika. Alama za mabegani zikapotea. Uvimbe haukupotea, uliongezeka! Siku hiyo nilisimama nikakiangalia kile kikapu. Kumbe tulikuwa tumekisingizia.

Hospitalini walitoa kinyama kidogo wakakipima. Majibu yalipotoka daktari alivuta kiti akaketi karibu na mimi, akasema, "Mama, hii ni saratani. Titi lazima litoke, na tezi za kwapani pia." Ndugu zangu! Mtu angefikiri nitauliza kama nitakufa. Mimi nilimuuliza, "Na mkono? Nitachuna tena?" Akasema utakuwa mgumu, utahitaji mazoezi, na hawezi kuniahidi. Nikarudi nyumbani nikatangaza kwamba sikatwi. Mchunaji wa mkono mmoja ni nani? Nikamwambia Mungu heri anichukue na mikono yangu miwili. Yalikuwa maombi ya ujinga, na kwa neema yake hakuyajibu!

Alinijibu kupitia Baba Chebet. Huyo mume wangu mnamjua, maneno yake ni ya kuhesabu. Alikuwa anakamua ng'ombe, mimi nimesimama kando na ndoo nikilia. Akasema bila kugeuka, "Mama Chebet, mimi nilioa wewe, sikuoa titi. Hata mkono sikuoa. Wacha wakate, wewe ubaki." Halafu akaendelea kukamua. Nilicheka huku nalia, ng'ombe mwenyewe akageuka kuniangalia. Kesho yake tukafunga safari.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana wengi tunaogopa kitu tusichokijua. Kulikuwa na nesi mmoja anaitwa Akinyi, mama mcheshi mwenye kwao kule ziwani. Alinionyesha kila kitu kabla. Nilivua hereni na pete, nikanyolewa kwapa, nikaambiwa nisile wala nisinywe. Mimi, mtu wa chai, asubuhi bila chai! Daktari akaja na kalamu akanichora mshale kifuani, upande wa kulia, pasiwe na kukosea. Nikavaa ile gauni yao iliyo wazi nyuma, nikamwambia Akinyi kanisa letu likiniona hivi litanitenga. Akasema, "Mama, huko ndani hakuna mtu anaangalia nyuma. Wote wanaangalia mbele." Tulicheka mpaka mlango wa chumba cha upasuaji. Hapo mlangoni kicheko kikaisha. Nikasema, "Yesu, ingia kwanza, mimi nakuja." Na aliingia, ndugu zangu. Aliingia!

Nilipoamka niligusa bandeji nikakuta ni tambarare. Nililia, siwadanganyi. Lile titi lilinyonyesha watoto wangu wote, na sioni aibu kusema nililiomboleza. Lakini Akinyi alikuja na habari nyingine. Mnajua kwa desturi yetu mwanamume na mama mkwe wake hawapeani mkono. Basi Baba Chebet na mama yangu walikuwa wamekaa kila mmoja na benchi lake, huyu mwisho huu wa korido, yule mwisho ule. Daktari alipotoka kuwaambia nimetoka salama, waliruka wakashikana mikono, yote miwili, wakaomba kwa sauti mpaka watu wakatoka ofisini! Walipokumbuka, kila mmoja akarudi kwa benchi lake akiangalia ukuta.

Kwenye ubavu nilikuwa na mpira mwembamba wa kutoa maji ya kidonda, yanaingia kwa kichupa. Mama alikishonea mfuko wa leso, nikatembea nacho wodini kama mtoto aliyetumwa maziwa. Hicho sikukiogopa. Niliogopa mkono. Akinyi akisema uinue kidogo, tembeza vidole ukutani, jaribu kuchana nywele, mimi naugandisha kifuani. Niliona nyuzi zitakatika zote kidonda kifunguke. Siku zikapita, bega likaanza kukaza, hata kikombe nakishikia mkono wa kushoto. Mwishowe Akinyi aliacha utani. "Mama, usipouamsha sasa, huo mkono utalala kabisa."

Nikafunika uso kwa shuka. Nikasema, Bwana, umenipa uhai, asante, lakini uhai bila huu mkono nitaupeleka wapi?

Mama yangu alikuwa ameketi pale akitazama yale mazoezi. Akainuka akanigombeza mbele ya wodi nzima, "Hiyo si mazoezi. Hiyo ni kuchuna! Kwani umesahau kuchuna?" Akamtuma Baba Chebet alete chai kutoka nyumbani. Mume wangu, Mungu ambariki, akaleta pakiti ya majani ya kupika! Ikabidi arudi tena, ndipo akaja na matawi mabichi kutoka shamba la jirani, yameoshwa vizuri. Akinyi alicheka sana, akaruhusu, ila nisipitishe mkono bega mpaka mpira utolewe.

Basi mama ananishikia tawi mbele, mimi nachuna. Vidole vilikumbuka! Nachuna naangusha kwa beseni hapa chini, kesho analiinua kidogo, kesho kutwa kidogo tena. Jasho linatoka, machozi yanatoka, nachuna. Siku mpira ulipotolewa, mama akasimama nyuma yangu na beseni mgongoni kwangu mahali pa kikapu. Akasema, "Tupa." Nikasema siwezi. "Tupa wewe! Karani anafunga mizani!" Mnajua mchunaji akisikia karani anafunga mizani na chai yake haijapimwa! Kabla sijafikiri, mkono ulishapita bega. Majani yakakosa beseni yakatua kwa kitambaa cha mama kichwani. Akapiga kigelegele! Wodi nzima walicheka wakishikilia nyuzi zao, na kabla ya chakula cha mchana kila mama alitaka tawi lake.

Ndugu zangu, dawa za kudungwa nazo zilikuja, zikanyoa nywele, na kliniki bado naenda. Lakini niko hai! Chai yetu ilichipuka, na juzi nimeingia shambani na kikapu kidogo, mkanda upande wa kushoto.

Dada yangu, leo ukirudi nyumbani jishike mwenyewe. Ukipata kitu, usisingizie kikapu, usisingizie mtoto anayenyonya. Nenda wakuangalie. Baba, nenda na yeye, ukae kwa benchi. Na kama umesimama mbele ya mlango unaouogopa, mwambie Yesu aingie kwanza. Mimi nimemjaribu, anaingia.

Mchungaji, nipokee hii maikrofoni sasa, nataka mkono wangu. Tusimame wote tumshukuru Mungu kwa mikono iliyoinuliwa. Subirini, msitangulie! Leo wa kwanza ni huu.