Maji ya Rukaiya

Kwenye basi la Segerea, Bi Somoe muuza bisi alimlilia jirani wa kiti, Mwalimu Erasmus, ambaye kosa lake lilikuwa kutoa shikamoo.

"Mkamwana wangu mchawi. Wiki nzima nimeanika mahindi ya bisi juu ya bati, yamekauka kama meno ya marehemu, na bado hayapasuki. Alfajiri namfuma Rukaiya anayanyunyizia maji! Nikamrudisha kwao Kimbiji."

Mwalimu, mgonjwa wa kufundisha hata Jumapili, akasema, "Mama, punje hupasuliwa na maji yaliyomo ndani. Yakipata moto yanakuwa mvuke, ganda linauzuia mpaka linashindwa, pa! Wewe mahindi uliyakausha mno. Yeye alikuwa anayarudishia maji. Hakukueleza?"

Bi Somoe akatazama dirishani. "Alieleza. Tena kwa adabu. Mie nikapiga yowe, majirani wakaja kumwona mchawi."

"Basi kawaambie ukweli."

"Niwaambie mie? Labda hayo mahindi yako ya kitabuni ndiyo yakawaambie!"

Basi likasimama. Majirani wawili waliokuwa kituoni wakampokea kapu, wakampa pole kwa kuishi na mchawi.

"Nishapoa," akaitikia Bi Somoe.