Nyirasafari Vestine, Aliyetembea Bila Mzigo

Ndugu, majirani wa Mbugangari, na ninyi mliovuka mpaka kutoka Goma, pale Petite Barrière, asubuhi hii ili kumzika: huyu tunayemlaza leo ni Nyirasafari Vestine, mama wa Wenceslas na Umuhoza. Mimi ni Uwera, mtoto wa Umuhoza. Nimepewa kazi ya kuandika maisha yake kwa sababu nililala naye chumba kimoja tangu nikiwa mdogo. Shule niliiacha mapema, donc mtanivumilia. Lakini niliyoandika nimeyaona.

Marehemu alizaliwa tarehe 12 Machi 1958 huko Ngungu, Masisi, upande wa Kongo, mtoto wa tatu wa mzee Twagirimana, mfugaji wa ng'ombe. Akiwa msichana alikuwa anateremsha maziwa sokoni, chombo kichwani, njia yote ni mawe na utelezi. Hakuruhusiwa kumwaga hata tone. Ndiyo maana shingo yake ilibaki wima hadi uzeeni, mkadhani ni majivuno.

Alisoma kwa masista mpaka darasa la nne, akaacha mwaka 1969 mama yake alipougua. Kilichobaki ni kuhesabu kwa Kifaransa, na alihesabu akiwa na hasira tu. Ukisikia "un, deux" ulikuwa bado na nafasi. Akifika "cinq" ilikupasa uwe umeshatoka nje.

Tarehe 18 Agosti 1979 alifunga ndoa na Evode, fundi wa baiskeli, mtu mpole wa mikono myeusi ya grisi. Walipata watoto wanne, Mungu akawachukua wawili wakiwa wachanga. Mwaka 1995 walivuka mpaka wakaja kukaa hapa Gisenyi, upande wa Rwanda. Babu Evode alitutoka tarehe 4 Novemba 2012, na bibi hakutaka mwanamume mwingine, ingawa wapo walioleta maneno. Wengine wako hapa, wamevaa suti.

Kazi yake mnaijua. Alinunua kabichi na viazi kwa wakulima wa Busasamana, akavusha Goma kwa kichwa chake kila siku isipokuwa Jumapili. Watoto wake walikula na kusoma kwa kichwa hicho. Mwaka 2018 mjomba Wenceslas alipopata duka na gari, alimwambia, "Mama, basi. Ukae." Kwetu mtoto mwema hufanya hivyo. Bibi akakaa. Akanenepa, mashavu yakajaa, na watu walipita mlangoni wakimsifu: "Ona mama ya Wenceslas, amepona shida."

Hakuwa amepona kitu. Mwezi wa pili mwaka 2023 alianza kunywa maji usiku na mchana, macho yakaingia ukungu, vidonda vidogo vikamtoka mikononi. Kwenye kituo cha afya muuguzi alimpima, akamwambia ni sukari. Alimpa vidonge, kisha akamwambia atembee kila asubuhi.

"Kutembea naenda wapi?" bibi aliuliza.

"Hauende fasi yoyote. Unatembea tu, mupaka jasho inatoka, unarudia nyumbani."

Bibi alicheka njia nzima. Miaka yote alitembea na mzigo na hakuna aliyemwambia ni dawa. Lakini alitii. Shida ilikuwa kwamba mama wa umri wake akionekana barabarani mikono mitupu, kila mlango unamuuliza: unaenda wapi, nani amekufa, umegombana na watoto? Siporo ni ya watu wa ofisi wanaokimbia kando ya ziwa na viatu vyeupe. Basi akachukua beseni lake la zamani, akatia ndani kitambaa kilichokunjwa, akafunika vizuri, akajitwika. Watu wakafikiri amerudi kwenye biashara. Hakuna aliyeuliza.

Siku moja kijana alimsimamisha karibu na soko. "Mama, unauzisha nini?"

"Jasho," akamjibu.

"Bei gani?"

"We mutoto, utashindwa."

Alipenda kulisimulia hilo. Tangu siku hiyo aliliacha beseni nyumbani, akaanza kutembea kichwa kitupu. Walipomuuliza anaenda wapi, aliwajibu, "Naenda kurudi."

Ndipo alipompata mwenzake. Olivia, tuliyemwita Mama Olivia, alihamia nyumba ya nyuma yetu baada ya volkano ya 2021 kula nyumba yake Goma. Ni mjane pia. Walikuwa wanatoka kabla jua halijachoma, wanateremka hadi ziwani, wanapita chini ya miti, wanakaa kidogo kwenye ukuta, wanapandisha tena. Olivia alibeba thermos ya tangawizi isiyo na sukari. Kwetu anayekupa kinywaji huonja kwanza, umwone akimeza. Olivia alionja kila mara, mbele ya barabara nzima. Bibi alikuwa anamwambia, "Olivia, unamalizaka yote na kuonja, mi nitakunywa nini?"

Vidonda vidogo vya mikono vilikauka. Macho yakafunguka. Muuguzi alimpima akampunguzia vidonge, akamwita mbele ya wagonjwa wengine ili wamwone. Bibi alipungua mwili, akashona upya nguo zake zote. Alipandisha kilima bila kuhema. Hiyo ilikuwa miaka yake mizuri kuliko yote niliyomjua.

Sasa nitasema la kutia kinyaa, kwa sababu wasifu ukiruka hapa utakuwa ni uongo.

Mtu akipungua, kwetu hatusemi amepona. Tunasema ameliwa. Nilikuwa nachota maji kwenye bomba nikawasikia, na hawakushusha sauti.

"Ameisha. Ona shingo."

"Mutoto yake iko na voiture, ye anatembea na miguu kama mutu hana watu."

"Na ile mama ya Goma anamupatiaka nini mu thermos?"

"Bon, we unafikiri nini?"

Maneno hayo yalipita nyumba kwa nyumba mpaka yakafika dukani kwa mjomba. Sumu. Kila aliyekuwa akimsifu bibi alipokuwa na mashavu ya ugonjwa, sasa alikuja kumhurumia kwa kuwa na afya. Wengine walimshika mkono wakaupima kwa vidole kama watu wanaonunua kuku.

Mjomba alikuja na gari. Sisemi haya kumwaibisha, na mwenyewe ameyasoma kabla yenu. Alisema, "Mama, unanileteya aibu. Watu wanasema nashindwa kukulipia hata pikipiki. Na unakonda."

"Nakonda sababu natembea, mwanangu. Uliza muuguzi."

"Muuguzi hajue sumu."

Tarehe 9 Aprili mwaka huu wa 2025 walimpeleka Nyakiriba kwa mzee anayewatoa watu sumu tumboni. Nilikwenda nao. Chumba kilinuka matapishi ya watu wa jana na juzi, na inzi walikuwa hawaruki, walikuwa wameshiba. Mzee alimpa bibi kikombe cha majani mabichi, akamwinamisha juu ya ndoo. Bibi alitapika mpaka akatoa maji ya njano tu, machozi na kamasi vikachanganyika usoni pake, na wanaume wakasimama wakitazama mdomo wake. Kisha mzee akaingiza mkono ndani ya ndoo, akautoa na kishada cheusi kama nywele.

"Ona. Hii ndiyo ilikuwa inamukula."

Wote wakashika vichwa. Kile kishada kilikuwa kikavu. Mkono wake ulikuwa unachuruzika mpaka kwenye kiwiko, na kishada kikavu. Nililisema hilo ndani ya gari wakati wa kurudi. Niliambiwa ninyamaze, mtoto hajui mambo ya wakubwa.

Mzee alitoa amri tatu: asitembee tena, asiguse vidonge vya hospitali visije vikapigana na dawa yake, na alishwe ili damu irudi. Mama Olivia alikatazwa kukanyaga kwetu. Mjomba alileta kiti kikubwa, akakiweka barazani, na bibi akakalishwa humo kama mzigo uliosubiri kuvushwa.

Halafu mkaja ninyi. Kumtembelea mgonjwa ni desturi njema, sibishi. Lakini mlikuja na soda, kila mmoja na yake, na maandazi yanayotiririka mafuta. Mgonjwa akikataa kinywaji cha mgeni, maana yake anamshuku mgeni. Na katika nyumba ambayo tayari ina neno sumu, nani angethubutu kukataa? Bibi alikunywa chupa ya kila mtu, ili asimwaibishe yeyote. Nilikuwa naona anavyofumba macho akimeza. Mlisubiri amalize, mkachukua chupa tupu, mkasema, "Sasa umependeza."

Alirudi kuvimba. Mlifurahi. Alfajiri, kabla nyumba haijaamka, alikuwa anazunguka uani peke yake, mkono ukutani, mpaka siku alipokanyaga changarawe na mguu ukachanika. Kidonda hakikufunga. Kilianza kunuka, na wageni wakaanza kukaa karibu na mlango, chupa mkono mmoja, mkono mwingine puani. Mama Olivia alikuwa anasimama nyuma ya ua, ananiuliza kwa sauti ndogo, "Amekula vidonge?" Nilimjibu hapana. Alimtuma mtu kwa mjomba mara mbili. Mjomba hakumpokea, na watu wakasema, unaona, anataka kumalizia.

Mwezi wa tisa bibi aliacha kutambua watu. Mama yangu Umuhoza alikuja kutoka Kigali, akamwona, akamtia ndani ya gari bila kuuliza mtu. Hospitalini mashine ya kupimia sukari haikuandika namba, sukari ilikuwa imezidi. Figo zilikuwa zimechoka, na sumu ya kidonda ilikuwa imeingia kwenye damu. Mjomba alimuuliza daktari kwenye korido, mbele yetu, ni nani aliyemwekea sumu.

Daktari akajibu, "Hakuna aliyemuwekea. Ni sukari, na kidonda. Alikuwa anafanya nini zamani, wakati ilikuwa muzuri?"

"Alikuwa anatembea," mama yangu akasema.

"Na nani alimukataza?"

Mjomba alikaa chini sakafuni, na suruali yake nzuri.

Bibi alifariki Jumanne, tarehe 16 Septemba 2025, saa za mchana, akiwa na miaka sitini na saba. Watoto wake wote wawili walikuwa wamemshika.

Nilidhani ingeishia hapo. Lakini kwenye kilio mlikaa kwenye viti vya kukodi, mkala, mkanywa, na bado mkasema ni yule mama wa Goma. Alipokuja na thermos yake kutupa pole, mtu mmoja alimwaga chai yake chini mbele yake, na wengine wakacheka. Alioka mikate ya kilio, ikarudishwa mlangoni kwake ikiwa imekanyagwa. Mwenye nyumba amemwambia atoke mwisho wa mwezi. Na nilipokuwa naandika wasifu huu, watu wakubwa, watu wanaokomunika kanisani, walinijia wakitaka niandike "alifariki kwa mikono ya wabaya". Wengine wenu mlikuwa nao.

Siandiki hivyo. Nimeandika sukari, kwa sababu ni sukari. Kama kuna mikono, ni ile iliyomshikilia kikombe cha Nyakiriba na ile iliyomfungulia soda, na mikono hiyo ni mingi mno kuitaja hapa.

Juzi nilimpa mjomba Wenceslas karatasi hii kwanza, kwa sababu yeye ndiye mkubwa wa nyumba. Aliisoma akiwa amesimama. Alipofika Nyakiriba alikaa. Nilidhani ataichana. Alisema, "Uwera, hukuweka jina ya Olivia kwa watu ameacha." Nikamwambia sikujua kama naruhusiwa. Akasema, "Weka. Mi nitaenda kumuita mwenyewe." Alikwenda, bila gari. Sijui walizungumza nini. Alirudi na macho mekundu, na jana asubuhi akaenda kwa mwenye nyumba wa Olivia, kumwomba asimtoe.

Marehemu ameacha mtoto wake wa kiume Wenceslas, mtoto wake wa kike Umuhoza, wajukuu watano, na mwenzake wa njia, Olivia, ambaye ndiye wa mwisho kumpa kitu cha kunywa kisichomdhuru. Olivia yuko nyuma, karibu na ukuta, kwa sababu hakuna aliyempisha. Baada ya watoto ni zamu yake ya kutupa udongo. Mpisheni.

Mungu ampokee bibi Vestine kwa amani, na sisi tuliobaki atufunge midomo.