Mtetemo wa Bibi Harusi: Kumuaga Pekupeku wa Karakana

Ijumaa ya mwisho wa mwezi huu, tarehe ishirini na tisa, fundi mkongwe wa karakana yetu ya magari ya kliniki atakabidhi funguo za kabati lake na kustaafu, baada ya miaka thelathini na moja ya utumishi. Kwenye faili la ofisi ana majina yake matatu na namba ya kazi. Humu ndani, kuanzia mlinzi wa getini hadi mganga mkuu, anaitwa Pekupeku, na asiyemjua kwa jina hilo basi ni mgeni au kapotea njia.

Kamati ya jarida ilihangaika kupata mtu wa kuandika wasifu huu. Mafundi walitegeana, kila mmoja akadai mwandiko wake haufai, mpaka kazi ikasukumwa kwa madereva, na madereva nao wakanisukumia mimi. Kwa kawaida ningegoma. Safari hii sikugoma, na sababu yake itaonekana huko mbele.

Alianza kazi kwa kuosha vipuri kwenye beseni la dizeli, enzi ambazo karakana ilikuwa na mashimo mawili ya kukagulia magari na moja kati ya hayo lilikuwa limejaa maji na vyura. Baadaye akahamia kwenye springi na breki, akafanya mitihani ya ufundi, akapanda hadi daraja la kwanza. Magari yetu, kama mjuavyo, hayaendi kwenye lami. Yanapeleka chanjo na wauguzi kule ambako barabara imekata tamaa, kwenye tope la magoti na mawe makubwa kama masufuria ya harusini. Yanarudi yakilia kila mahali, na kilio kigumu kuliko vyote kukijua ni mtetemo.

Hapo ndipo jina la Pekupeku lilipotoka. Ukimwambia gari linatetemeka, hakimbilii spana. Anavua viatu, anakunja soksi, anaziingiza ndani ya viatu, halafu anakukabidhi wewe mwenyewe uvishike. Kisha anakwambia uendeshe. Anakaa kiti cha mbele, anahamia cha katikati, anamalizia kwa kulala chali kwenye sakafu ya nyuma, nyayo zimegusa bodi, huku anaiga mlio wa gari kwa pua. Jamani, hujui aibu ni nini mpaka usimame kwenye taa za barabarani pembeni ya basi la wanafunzi ukiwa na mtu mzima wa namna hiyo nyuma!

Lakini alikuwa na hesabu zake. Mtetemo ukija mikononi kwenye usukani, anasema uangalie magurudumu ya mbele. Ukija kwenye makalio, mambo yako nyuma. Ukija kwenye nyayo, ukivuma kama mashine ya kusaga iliyo mtaa wa pili, hapo anashuku propela, yaani lile bomba refu la chuma linalozunguka chini ya gari na kupeleka nguvu ya injini kwenye magurudumu. Mke wake, ambaye ni fundi cherehani, anatuambia kwamba hata nyumbani hana raha. Siku moja alikuwa anashona sebuleni, mume kalala chumbani, akasikia sauti ikitoka kitandani kwamba mkanda wa cherehani umelegea. Alienda kuangalia, kweli umelegea. Alikasirika siku nzima.

Kasoro anazo, tusidanganyane. Spana yake namba kumi na saba haazimishi mtu, hata mkuu wa karakana. Ukimuuliza gari litakuwa tayari lini, anakuuliza na wewe safari ni ya lazima kiasi gani. Na anaimba, Mungu amsamehe, anaimba kila anapofunga bolti.

Sasa niseme lililonifanya nikubali kuandika.

Tulikuwa na gari jeupe ambalo wauguzi walilibatiza Bibi Harusi, kwa sababu ni jeupe, limejazwa vitu, na kila linakokwenda watu wamekaa kulisubiri tangu asubuhi. Dereva wake alikuwa mwanamke, mgeni kazini, bado yuko kwenye kipindi cha majaribio. Nyumbani alikuwa na watoto wawili na mama mzazi, wote macho kwake. Dereva huyo ni mimi, na sioni haja ya kuzungukazunguka.

Bibi Harusi lilitoka kufanyiwa matengenezo ya kawaida, nikakabidhiwa, nikaondoka nalo kwenda kwenye vituo vya mbali. Tangu kwenye barabara nzuri kabla ya kuacha mji nilihisi linatetemeka. Nikamwambia muuguzi tuliyekuwa naye, akanijibu labda ni njaa. Huko mbele, nikivuka mto uliokauka, nikakwangua jiwe. Nilisimama, nikaingia uvunguni, nikaona mkwaruzo kwenye propela. Niliporudi nilimweleza ofisa usafirishaji yote mawili: mtetemo wa asubuhi na jiwe la mchana.

Ningekuwa na akili ya kijanja ningesema moja tu. Ofisa alinisikiliza mpaka mwisho, halafu akauliza ni nani ataamini kwamba gari lililotoka karakana jana yake lilikuwa linatetemeka. Alichokiona yeye ni dereva aliyegonga jiwe, akapinda propela, kisha akatunga mtetemo wa asubuhi ili kujifunika. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na mkwaruzo mbichi, gari linalotetemeka na dereva wa majaribio. Hata mimi ningejumlisha vilevile. Na kwa taratibu zetu, dereva wa majaribio anayedanganya kuhusu uharibifu haonywi. Anaondoka. Kikao kikapangwa Alhamisi, na gari likapelekwa kwa Pekupeku ili athibitishe tu kwamba propela imepinda.

Alivua viatu kama kawaida, akampa dereva mwingine avishike, maana mimi nilishakatazwa kugusa usukani. Mtetemo ukaanza kwenye mwendo wa kati, ukavuma nyayoni. Akaagiza gia iwekwe huru gari likiwa bado kwenye mwendo; mtetemo haukukoma, kwa hiyo injini ikatoka kwenye orodha ya watuhumiwa. Waliporudi akapandisha gari kwenye stendi, akafungua magurudumu ya nyuma yote, akaliwasha na kulitia gia. Bado likatetemeka, kwa hiyo matairi nayo yakaachiliwa. Akazima, akashika krosi, vile viungio vinavyoiruhusu propela kujikunja gari linapopanda na kushuka, akavitikisa kwa nguvu. Vilikuwa vizima.

Ikabaki propela yenyewe. Akasogeza kipande cha chaki karibu nayo, kikaegemea kwenye jeki kisiyumbe, akaizungusha taratibu kwa mkono. Propela iliyopinda huigusa chaki upande mmoja tu. Hii ilijichora duara zima, sawasawa, mwanzo hadi mwisho. Haikuwa imepinda hata kidogo. Jiwe liliikwangua rangi na kupita.

Mafundi waliokuwa wakitoka kwenda chai wanasema hapo aliacha kuimba. Propela ile imetengenezwa vipande viwili vinavyochomekana kwa meno, na ncha zake mbili zina uma, kama uma wa manati. Uma hizo lazima zitazame upande mmoja. Zikipishana hata kwa jino moja, gari halitulii. Ukitaka kuvitenganisha vipande ili upake grisi, unaweka alama kwanza, ili uvirudishe vilevile. Alizitazama uma, akaona zimepishana kwa jino moja. Na aliyevitenganisha vipande vile mara ya mwisho ni yeye. Alikuwa ameweka alama kwa chaki, kama alivyozoea miaka yote, kisha safari hii akaviosha kwa dizeli, nayo dizeli ikaondoka na chaki. Akavirudisha kwa kukisia.

Ebu tufikirie alipokuwa amesimama. Wenzake walishaenda kunywa chai. Angeweza kusogeza jino moja, akafunga bolti nne, akafuta mikono. Gari lingetulia, ofisa angeambiwa propela imenyooshwa, na mimi ningekusanya virago vyangu. Tena mwezi ule ule alikuwa ndiye anayetajwa kuwa mkuu wa karakana; kilichobaki ni barua kutiwa sahihi.

Alhamisi aliingia kwenye kikao na ovaroli yake, propela begani, akailaza juu ya meza ya mikutano, juu ya kitambaa cheupe, grisi na yote. Katibu wa kikao nusura azimie. Pekupeku akaeleza kama nilivyoeleza hapa, kwa maneno machache zaidi. Ofisa akauliza ni nani aliyeifungua mara ya mwisho. Akasema ni yeye. Katibu, kwa nia njema, akauliza kama pengine haikuwa kazi ya msaidizi wake. Akasema msaidizi alikuwa likizo, na hata angekuwepo, mkono uliokosea ni wake, na dereva alisema kweli tangu mwanzo. Akaomba aondoke kwa sababu kuna gari lilikuwa linamsubiri juu ya jeki.

Mimi nilikuwa nimekaa kwenye kiti cha mtuhumiwa, karibu na mlango. Nililia, na sioni aibu kuandika. Ofisa alinifuata koridoni akaniambia samahani, dada, na tangu hapo hajawahi kubishana nami juu ya gari.

Pekupeku akapewa onyo kali. Ukuu wa karakana ukaenda kwa mwingine, aliyeletwa kutoka kituo kingine, mtu mwema ambaye tunaye hadi leo na ambaye ndiye aliyeagiza keki ya Ijumaa. Mke wa Pekupeku aliniambia baadaye kwamba alikuwa ameshakata kitambaa cha koti jeupe la mkuu wa karakana. Alikigeuza foronya.

Niliwahi kumuuliza kwa nini hakunyamaza. Akanijibu, huku kichwa kiko ndani ya boneti, kwamba chakula kisingeshuka. Basi, yakaishia hapo, akaniomba nimshikie tochi.

Tangu siku ile propela zote za karakana hii zinawekwa alama kwa tindo, inayochimba chuma, na chaki imebaki kwa wanaoandika ubaoni. La pili lililobadilika halionekani kwa macho. Siku hizi fundi akiharibu kazi, anasema kwenye mkusanyiko wa asubuhi, anasema ni mimi, na wenzake wanamcheka kidogo, kisha wanamsaidia. Madereva tunaotoka na magari haya usiku wa mvua, na wajawazito nyuma, tunajua jambo hilo lina uzito gani.

Karakana yote, wauguzi, madereva na ofisi nzima tunakushukuru kwa kila bolti uliyoikaza na kila wimbo tuliouvumilia. Tunakuombea miguu isiyouma, macho yanayoona mbali, na asubuhi nyingi za kulala mpaka uchoke kulala.

Na langu mimi, kaka. Mwanangu wa kwanza sasa ni muuguzi, wa pili anafundisha hesabu, na mama yangu alimaliza siku zake ndani ya nyumba yetu wenyewe, hakuhamishiwa kwa watu. Yote hayo yametoka kwenye kazi hii ya udereva. Jumatatu nitaingia nyuma ya usukani kama kawaida, na nitaingia kwa sababu wewe ulikosa cheo ili mimi nisikose kazi. Sikuwahi kukwambia mbele za watu. Leo wote wamesikia. Ahsante.