Bi Mwamvua Jaku na Ncha ya Mwiko

Tarehe 30 Juni 2009 Bi Mwamvua Jaku anastaafu, baada ya kukitumikia kiwanda chetu cha halua hapa Bububu kwa miaka ishirini na minne. Alikuja kutoka Paje mwaka 1985, akaajiriwa kuosha masufuria. Anaondoka akiwa mkuu wa ukaguzi, na katika miaka yote hiyo hakuna meneja aliyeweza kumfanya atie muhuri asipotaka.

Walijaribu. Mwaka 1998 ilipokuja mashine ya kugundua chuma, wakubwa walimwambia sasa apumzike, kazi imepata mwenyewe. Siku ya uzinduzi alizika kokwa ya tende ndani ya kopo letu la plastiki la halua, akalipitisha. Mashine ikanyamaza. Akaitoa kokwa mbele ya wageni, akaiweka mezani, akarudi kukaa.

Ndiyo maana mhandisi Samir Bakar alipokuja mwaka 2006 kujaribu mtambo wake wa mikrowevu, Bi Mwamvua alimpisha chumba chake mwenyewe. Mtambo ule ulipitisha mawimbi dhaifu ndani ya kopo lililofungwa. Yakikutana na kitu kisichokuwa halua, kiwe kioo, plastiki au mti, kompyuta ilichora doa mahali kilipo. Shida ilikuwa lozi: kila lozi ilichorwa kama mkosaji. Watu wakaupachika mtambo jina la "televisheni ya Paje". Miezi mitatu wao wawili walizika lozi na vipande vya mti ndani ya halua na kulinganisha picha, mpaka Bi Mwamvua akajua doa la lozi na doa lisilo la lozi.

Ramadhani ya mwaka ule, siku sita kabla ya Idd, mpishi wetu Borafya aliona mwiko wake umemeguka ncha. Makopo mia sita na arobaini yalikuwa yameshafungwa, yameshapita mashine ya chuma, na meli inasubiri. Meneja wa wakati ule, Bwana Zahran, alikuja mwenyewe kuutaka muhuri.

"Mashine imesema safi, Bi Mwamvua."

"Mashine inajua chuma, bwana. Mwiko ni mti. Mie sitii muhuri."

"Meli ikiondoka, lawama utabeba wewe."

"Nnabeba. Kibanzi kikimkwama mtoto wa mtu kooni, hilo ndilo nisiloliweza."

Tukayapitisha makopo kwenye mtambo wa Samir, moja moja, na funga zetu. La kwanza lililotoa doa la kutisha tulilifungua: lozi mbili zilizogandana. Watu wakacheka, Bwana Zahran akatazama saa. Bi Mwamvua akasema, "Endeleeni." Kopo la mia tano na kumi na moja likatoa doa refu, jembamba. Alikata halua kwa kisu, polepole, akatoa ncha ya mwiko, urefu wa pingili ya kidole, kali kama mwiba. Borafya alilia. Meli ilikuwa imeshaondoka.

Ungedhani alipewa ahsante. Alipewa uhamisho kwenda ghala la maboksi, mpaka atakapoandika barua ya kuomba radhi kwa kuchelewesha mzigo. Hakuandika. Nilimwendea kumshauri aandike mistari miwili tu, yaishe. Alinijibu huku akipanga maboksi, "Ummkulthum, mwanangu, mie nnaomba radhi nnapokosa."

Alikaa ghalani miezi minne, na ghala halijawahi kupangika vile. Waliomtoa ni wanunuzi: walipofungua mzigo wakauona muhuri wa mtu mwengine, waliuliza Bi Mwamvua yuko wapi, na mzigo uliofuata wakakataa kuupokea bila ya muhuri wake. Akarudishwa chumbani kwake bila ya barua yoyote. Mtambo nao ukabaki, na leo wakaguzi watatu aliowafunza wanazisoma picha zake. Wa kwanza wao ni Borafya.

Wiki iliyopita ofisi iliniomba habari ya mwiko niipitie kwa mstari mmoja tu, kwa kuwa siku ya leo ni ya furaha. Nimeiandika yote. Furaha yetu ndiyo hiyo.

Bi Mwamvua, ahsante kwa kila muhuri ulioutia, na zaidi kwa ule uliokataa kuutia. Mungu akujaalie afya na umri mrefu huko Paje, na asitokee mtu wa kukutaka uombe radhi usiyodaiwa.

Ummkulthum Mkubwa
Idara ya Ukaguzi