Mwanamke Niliyemtunga

Wapendwa wa Nachingwea, Yesu asifiwe! Itikieni kwa nguvu sasa hivi, maana nikifika katikati ya habari hii najua wengine mtanyamaza, na wengine mtaniangalia vibaya. Niangalieni tu. Nimeshazoea.

Mimi naitwa Mwalimu Yusta. Kwetu ni Njombe kwenye baridi, lakini serikali ilinipanga Narung'ombe, hapo kwa jirani zenu Ruangwa, nikiwa bado binti, na huko nimezeekea. Niliwafundisha watoto wa Kimwera kusoma, nao wakanifundisha kula ming'oko, ile mizizi ya porini. Nikapata shamba la mikorosho nyuma ya nyumba, nikawa mtu wa Kusini kabisa. Wakristo kule ni wachache. Kanisa letu lina madawati kumi na moja na sijawahi kuyaona yamejaa yote. Majirani wengi ni Waislamu, tunaishi nao vizuri, tunazikana na kulishana.

Ndugu zangu, katika kanisa hilo dogo mwombaji nilikuwa mimi. Mgeni akija na shida yake, mchungaji mwenyewe alikuwa anasema, "Mpelekeni kwa Mwalimu." Na sauti nilikuwa nayo! Nikianza kuomba nyumbani asubuhi, wanawake wanaokwenda kisimani walikuwa wanajua Mwalimu yuko kazini. Nilikuwa nafungua dirisha makusudi. Nilisema moyoni kwamba nataka hewa, lakini hewa gani, nilitaka kusikika.

Lakini ndani nilikuwa nimekauka. Sijui nilianza kukauka lini. Maneno yalikuwa yanatoka yenyewe, machozi yanatoka yenyewe, na mimi nipo pembeni natazama. Nikawa naomba jicho moja limefumbuka kidogo, naangalia nani analia na nani anapiga miayo. Nikitangaza nimefunga siku tatu, basi mchana nilikuwa nafunga mlango na kula kiporo nimesimama. Nikasema ni udhaifu mdogo tu, Bwana anaelewa. Kumbe nilikuwa sizungumzi na Bwana tena, nilikuwa nazungumza na wanaonisikia.

Sasa alikuwepo dada mmoja pale kanisani, anaitwa Salome, mke wa fundi cherehani mmoja anayeitwa Festo. Salome alikuwa amepoteza mimba mbili. Mwaka ule akashika ya tatu, ikafika miezi mitano, na alikuwa anatembea kama amebeba maji kwenye kikombe kilichojaa. Jumapili moja mwezi wa tano akaja mbele akapiga magoti, akaniambia, "Mama, hii nayo ikiondoka mimi sitaweza tena." Aliniambia mimi. Hakumwambia mchungaji.

Kwetu tuna desturi. Maombi yakishapanda, watu wananyamaza, na mwenye kuonyeshwa jambo anasema alichoonyeshwa. Siku zote mwenye kuonyeshwa nilikuwa mimi. Siku ile tukaomba, tukanyamaza, nami nikangoja. Hakuna kitu! Ukimya ukawa mrefu. Nikafumbua lile jicho langu, nikaona watu wote wameinamisha vichwa wananisubiri, na Salome anatetemeka mabega. Nikaona aibu. Ndugu zangu, sikumwonea huruma Salome, niliona aibu yangu. Nikafungua kinywa, nikatunga.

Nikasema, "Bwana ananionyesha mwanamke. Amesimama nyuma ya nyumba ya Salome, katikati ya mikorosho. Amejifunga kitenge kichwani. Ametupa mgongo. Mikono yake imepauka mpaka viwikoni."

Nikaishia hapo. Sikumtaja mtu. Lakini naomba mlishike jambo moja, maana nitalirudia. Wakati natunga, kichwani mwangu yule mwanamke alikuwa amevaa kiatu kimoja, mguu wa pili peku. Nikataka kusema, nikaona limezidi, watu watacheka. Nikalimeza. Halikutoka kinywani mwangu.

Tulipotoka nje nilisikia watu wananong'ona jina. Bi Somoe. Huyu ni bibi mjane, Mwislamu, nyumba yake iko kati ya nyumba yangu na ya Salome, uani kwake ndiko shamba langu linakoishia. Kila siku alikuwa anatwanga makopa na kuchekecha unga wa muhogo, amejifunga kitenge kichwani, mgongo ameipa njia. Na mikono yake, naam, nyeupe mpaka viwikoni! Nilikuwa nimemwona miaka yote kupitia dirisha lile lile. Picha niliiba kwake bila kujua, nikasema imetoka mbinguni.

Ningeweza kusema pale pale, "Hapana, jamani, si yeye." Nilinyamaza. Na yule bibi ndiye aliyekuwa anampelekea Salome uji wa muhogo kila asubuhi tangu mimba ilipoingia. Kuanzia Jumatatu Salome akaanza kuumwaga.

Hapo ndipo mambo yalipoanza kuwa mabaya, na naomba mnisikilize vizuri, sisimulii ngano.

Watu wakaanza kumwona.

Kwanza alimwona dada mmoja wa kwaya, saa saba mchana, jua kali, kisimani. Akasema mwanamke alikuwa amesimama mbali kidogo, kampa mgongo, anaimba kwa pua bila kufungua mdomo. Akamwita, hakugeuka. Nikasema moyoni, hofu hiyo. Akafuata mzee mmoja aliyekwenda kuangalia simsim yake. Akamwona ukingoni mwa shamba, mikono imepauka, na alipomsogelea yule naye alikuwa mbele zaidi, umbali ule ule. Bi Somoe wakati huo alikuwa Nambilanje kwa kaka yake, amekwenda msibani. Watu hawakuuliza alikuwa wapi. Walisema wachawi ndivyo wanavyofanya, mwili unakwenda msibani na mwingine unabaki.

Mimi nilikuwa najua! Katika kijiji kizima ni mimi peke yangu niliyejua kwamba yule mwanamke hayupo. Basi kwa nini nilianza kupita upande wa pili wa njia?

Halafu ikafika siku ya Mama Tunu. Huyu ni mpishi wa uji shuleni kwetu, hajawahi kukanyaga kanisani kwetu hata siku moja. Saa nne asubuhi akaja mlangoni mwa darasa langu na mwiko mkononi, uso umemshuka. Akasema, "Mwalimu, yule mtu wenu nimemwona. Nyuma ya jiko. Ana kiatu kimoja, mguu wa pili peku."

Chaki ilinidondoka. Nikamwuliza nani kamwambia habari ya kiatu. Akasema, "Aniambie nani? Nimemwona kwa macho yangu." Nikawapa watoto zoezi la kuandika, nikakaa chini. Wapendwa, lile jambo lilikuwa ndani ya kichwa changu tu. Lilitokaje?

Nikajaribu kuomba. Nikafungua dirisha, nikapandisha sauti, na katikati ya maombi nikasikia mtu anaimba kwa pua pambio langu mwenyewe, lile ninaloanzia siku zote. Nilifunga dirisha.

Ikaingia mwezi wa sita, msimu wa salfa. Nyinyi ni watu wa korosho, mnajua. Maua yakianza kutoka lazima upulize ile dawa ya unga mapema asubuhi, umande ungali kwenye majani na upepo haujaamka, vinginevyo haishiki na ubwiri, ule ukungu mweupe, unakula maua yote. Mpulizaji wangu ni Issa, mtu mzima, mtaratibu. Yeye anabeba mashine mgongoni, mimi ninamjazia. Kulipopambazuka tulikuwa shambani. Mashine ikanguruma, na wingu likajaa chini ya mikorosho mpaka usione hatua nne mbele yako.

Issa akasogea upande wa bonde. Mimi nikabaki na mfuko. Ndipo nikamwona.

Alikuwa mbele yangu ndani ya lile wingu. Kitenge kichwani. Ametupa mgongo. Mikono imepauka mpaka viwikoni. Mashine ilikuwa inanguruma lakini pambio nililisikia wazi, kama mtu ananiimbia sikioni. Nilipaswa kukimbia, lakini sikukimbia, nikamfuata. Sijui kwa nini. Labda nilichoka kuogopa kitu nilichokitengeneza mwenyewe. Nikaita, "Wewe ni nani? Geuka!" Hakugeuka. Nikaongeza mwendo, mguu wangu ukaingia kwenye shimo la mche, kiatu changu cha yeboyebo kikabaki humo humo, sikukirudia. Macho yanawasha, koo linawasha, naye yuko mbele yangu umbali ule ule. Mara wingu likakatika, jua likanipiga usoni, na mbele yangu hakuna mtu. Nilikuwa nimetokea uani kwa Bi Somoe.

Na uani palikuwa na watu. Festo, mumewe Salome, alikuwepo na wanaume wengine sita, wa kanisani na vijana wa mtaani, wamekuja kumwambia Bi Somoe afunge vyombo vyake aondoke leo hii. Walikuwa wameshatoa kinu chake nje ya uzio, na mmoja ameshika kiberiti. Bi Somoe alikuwa amekaa chini kwenye jamvi, mikono mapajani. Salome alikuwa amesimama njiani, ameshika tumbo.

Lakini mimi nilishageuka kuangalia shambani nilikotoka, nimewapa mgongo, namtafuta yule mwanamke. Nikasikia Salome anapiga kelele, "Ndiye! Ndiye yule!"

Nikageuka. Wote walikuwa wananitazama mimi. Wale wanaume walikuwa wamerudi nyuma mpaka kwenye ukuta. Nikaangalia mikono yangu. Imepauka kwa salfa mpaka viwikoni. Kitenge kiko kichwani. Nikaangalia chini. Kiatu kimoja.

Ndugu zangu, hapo shetani alinipa njia nyepesi sana. Nilihitaji kucheka tu! Niseme, "Jamani, mimi ni Yusta, nimetoka kupuliza korosho." Wangecheka wote, wangepumua, na kisha wangeendelea na kazi yao, maana aliyetajwa na Bwana hakuwa mimi. Kicheko kilifika hapa kooni. Nikamwona yule kijana na kiberiti chake. Nikamwona Salome, jasho linamtoka, midomo imekauka. Nikapiga magoti pale kwenye maganda ya muhogo, na kwa mara ya kwanza baada ya miaka sikufumbua jicho.

Nikasema, "Mungu wangu, nimesema uongo kwa jina lako."

Hayo tu. Sikuwa na sauti. Kisha nikawageukia nikawaambia kila kitu, kwamba sikuonyeshwa, nilitunga, kwa sababu niliona aibu kunyamaza. Nikawaambia habari ya kiporo. Nikawaambia habari ya dirisha. Festo alikaa chini akajishika kichwa. Mtu mmoja alinitukana, na alikuwa na haki. Yule kijana alitia kiberiti mfukoni akatoka bila kuaga, wengine wakarudisha kinu mahali pake.

Bi Somoe aliinuka kwenye jamvi akanisogelea. Kisha akaniambia taratibu, kwa Kiswahili chake cha Kimwera, "Mwalimu, mie miaka yote ukiomba pale dirishani nilikuwa naitikia amina. Nikisema, huyu anatuombea sote. Kumbe nilikuwa naitikia nini?"

Kelele za wanaume wale hazikuniumiza. Hilo liliniumiza, na linaniuma leo. Yule mama, mikono ndani ya unga, alikuwa ananiamini kwa moyo mweupe kuliko moyo wowote uliokuwa kwenye madawati yetu kumi na moja. Nililia mpaka nikaishiwa nguvu, naye ndiye aliyeniletea maji ya kunawa.

Tukiwa pale Issa akatoka shambani na kiatu changu mkononi. Alinivuta pembeni. Akasema, "Nimekikuta kwenye shimo. Lakini Mwalimu, nyayo za kiatu kimoja zimeanzia mbali, kabla ya shimo. Zako zimezifuata kwa nyuma." Mpaka leo Issa hakubali kuingia shamba lile peke yake. Sina maelezo, na nimeacha kutunga maelezo. Ninachojua ni kwamba tangu asubuhi ile hakuna aliyemwona tena, na pambio lile sijalisikia, wala mimi mwenyewe siliimbi.

Mchungaji alinivua uongozi wa maombi, akafanya vyema. Nilikaa dawati la mwisho miezi mingi. Nikajifunza kuomba dirisha likiwa limefungwa, maneno machache, mengine hata hayafiki mwisho. Siku ya kwanza nilisema tu, "Bwana, nipo." Nikahisi kuna anayenisikiliza! Sikulia, sikutetemeka. Nilikaa kitandani nikitabasamu kama mjinga.

Salome alirudi kunywa uji wa Bi Somoe. Mwezi wa tisa alijifungua mtoto wa kike, mzima, mwenye kelele kama zangu za zamani. Aliyemwogesha mara ya kwanza nyumbani ni Bi Somoe. Mimi nilishika taulo tu, na nilishukuru kupewa hata hilo.

Basi Bwana atukuzwe, maana alinitoa katika kinywa changu mwenyewe! Kama yupo hapa mtu anayeomba huku jicho limefumbuka, nakusihi, usingoje mpaka ulichotunga kisimame na kutembea. Mtegemee Mungu hata akiwa kimya. Kimya chake ni salama kuliko maneno yetu.

Mchungaji ameniomba nifunge kwa maombi. Nitaomba, lakini si kwa sauti. Na wewe sema lako moyoni, lile la kweli, hata kama ni la aibu. Ila msiniitikie amina kwa sababu Mwalimu ameinamisha kichwa. Kila mmoja ajue kwanza anaitikia nini.