Kipimo cha Boriti cha Bwana Gharib

Wasikilizaji wapendwa wa Amu, Pate na Manda, karibuni. Juma hili tumemzika Bwana Gharib Shekhan, dereva wa trekta wa kiwanja cha ndege cha Manda. Naam, yule mkata nyasi.

Mkewe, Bi Radhiya, anamkumbuka zaidi kwa siku moja ya mwaka 1956. Maradhi ya kifua yalikuwa yamemlaza hospitali Mombasa, miezi mingi hajamwona mumewe. Siku ya kurudishwa kwa ndege, rubani alimwonya: "Mvua zimenyesha sana, Mama. Nikiona nyasi ndefu Manda, situi. Tutarudi Mombasa."

Bi Radhiya akajifunika buibui, akaomba dua.

Huko Manda, Gharib alikuwa amezima trekta. Wasikilizaji, aliizima kwanza. Akangoja visu viache kuzunguka, akaitegemeza mashine ya kukatia kwa magogo, ndipo akaingiza mkono kupima urefu wa visu kutoka ardhini. Kipimo chake kilikuwa kipande cha boriti: upande mwembamba mbele, mnene nyuma. Hivyo mashine huinama kidogo mbele, na nyasi hukatwa mara moja, hazichanwi.

Msimamizi wake, Bwana Abdulqadir, anasimulia huku akicheka na machozi yakimtoka: "Nilimpigia kelele, 'Gharib! Wakata nyasi au wapima kanzu? Shusha visu hadi chini, tumalize!' Akasema, 'Nikishusha, vitapiga mawe. Mawe yataruka, visu vitavunjika, na Radhiya yuko angani. Ndia ya Radhiya, njia yake ya kurudi, siiharibu, Bwana.'"

Ndege ilipoinama, Bi Radhiya alichungulia. Akaona majani matupu. Kisha akaona kiwanja, kimenyolewa sawasawa, na pembeni mtu amesimama juu ya trekta, anapunga kofia.

Ndege ikatua.

"Nilimwambia, 'Wanuka nyasi,'" anasema Bi Radhiya. "Akanijibu, 'Nawe wanuka dawa. Twende nyumbani.'"

Kile kipande cha boriti sasa kiko nyuma ya mlango wake. "Nikisikia mlio wa ndege," anasema, "nasimama hapo mlangoni. Najua hayuko. Lakini nangoja mtu anukaye nyasi."

Pole sana, Bi Radhiya, wewe na jamaa wote. Mwenyezi Mungu amrehemu Bwana Gharib. Nasi tujiulize, wapendwa: ni nani anayetusafishia njia ya kurudi nyumbani, nasi hatujamshukuru? Bi Radhiya alimshukuru mumewe kila siku. Anasema haikutosha.